Nilibana matumizi ya gulio kwa kurudisha mabakuli matupu, nusura nimpoteze mdogo wangu

Wakuu wa daftari, nawasalimu kutoka Isansa. Wa Vwawa, wa Tunduma, na wewe fundi uliyetushonea kurasa hizi kwa uzi mweusi mpaka kila habari ya humu tukazoea kuiita uzi.

Kwa mgeni atakayelishika daftari hili kwa mara ya kwanza: sisi ni watu sita. Daftari linapanda lori, linashuka, kila mmoja anaandika lililompata, wengine wanajibu pembeni.

Leo ni zamu yangu.

Nimeuandika uzi huu mara tatu kwenye karatasi za kufungia sukari kabla ya kuunakili hapa, kwa sababu neno lililofutwa hunikosesha raha siku nzima. Hata kusoma nilijifunzia kwenye karatasi hizo hizo za dukani, bila mwalimu. Mkiona sentensi imekatika kama kona ya gazeti, mnajua ilikotoka. Ila habari ni ya kweli, na sehemu inayoniaibisha sijairuka.

Mvua zilipoanza, Mama alikwenda Ulambya kumuuguza mama yake. Baba yuko Saza, kwenye mgodi wa dhahabu. Nyumbani tukabaki watatu: mimi Damari, miaka kumi na tisa, mdogo wangu Tabitha, miaka minane, na Bibi, mama yake Baba, ambaye macho yamepungua lakini masikio na ulimi bado ni vya msichana.

Baba hutuma hela mara moja kwa mwezi. Mama alinifundisha kuifunga kwenye pindo la kanga, mafundo manne. Kila Jumamosi, siku ya gulio, unafungua fundo moja. Chumvi, mafuta ya taa, sabuni, kiberiti, samaki wakavu, na miezi hii ambayo ghala limebaki na sauti ya panya tu, mahindi ya kuongezea.

Mwezi wa kwanza mafundo yaliisha, wiki hazikuisha.

Habari zikamfikia Shangazi Rahabu, dada yake Baba, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Yeye watoto wake wameshakua na ghala lake halijawahi kukauka. Akamtumia Baba neno: wakikwama tena mwezi huu, Jumamosi ya mwisho nakuja kumchukua Tabitha, akae kwangu mpaka mavuno.

Baba akakubali. Si kwa ubaya. Angefanya nini, naye yuko chini ya ardhi?

Lakini wakuu, mavuno yalikuwa mbali. Tabitha ndiye anayenishika shati kwa nyuma tukienda kisimani, kwa sababu ukungu wa huku asubuhi ni mzito na yeye anaamini nikitangulia hatua tatu nitayeyuka. Niliwaza: mtoto mdogo akikaa kwa watu msimu mzima, anarudi anaota kwa lugha nyingine. Atanisimulia ndoto zake nami sitaelewa.

Nikaapa fundo la nne litafika Jumamosi ya mwisho likiwa limefungwa.

Nilianza vizuri. Sukari niliiacha. Maharage niliyaloweka tangu jioni ili yasile kuni. Kibatari kilizimwa mara tu tukimaliza kula. Gulioni nikamkuta mzee mmoja wa Ivuna akimalizia chumvi yake ya kiangazi. Hakutaka kurudi kwao Momba na mzigo kwenye matope, akaniachia pakacha zima kwa bei ambayo kwa vikombe vidogo nisingeipata kamwe. Nikalitundika juu ya meko. Unyevu ulipozidi, chumvi ilitoa jasho, na tone lake likianguka kwenye jivu lilisema "tss" kama mtu anayetaka kukuita bila wengine kusikia.

Bibi akasema, "Damari, nyumba hii sasa ina kila kitu cha kutia chumvi isipokuwa chakula."

Nilicheka. Lakini hesabu yangu bado ilikuwa inavuja mahali, na mimi kitu kikivuja siwezi kutulia. Nikakaa mlangoni siku nzima nikitazama kinachotoka nyumbani kwetu.

Nikaona mabakuli.

Mnajua desturi yetu. Jirani akipika cha ziada, au akichuma majani mengi ya maboga, anakuletea bakuli. Bakuli la mtu halirudi tupu. Unalikalisha siku mbili tatu, unatia chochote, kikombe cha ulezi, maharage, ndizi mbili, ndipo unalirudisha. Kwa wiki mabakuli matano sita hutoka mlangoni kwetu yamejaa.

Nikajiambia, hapa ndipo wiki zangu zinapovujia.

Sasa hapa ndipo pa aibu.

Nilianza kuyarudisha matupu. Si kwa dharau, jamani. Niliyasugua kwa jivu na mchanga mpaka yakang'aa. La Mama Yoramu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, lilikuwa na masizi ya miaka mingi chini, nikalitoa lote. Niliona kazi ile ndiyo malipo. Nilipita na bakuli lake kwenye ukungu, limeshika mwanga kidogo uliokuwepo, nikajiona kama nimebeba mwezi mchanga.

Mama Yoramu alilipokea. Akatazama ndani. Akageuza, akatazama chini.

"Hee," alisema. "Haya, mwanangu."

Nikadhani amefurahi.

Jumamosi ile hela ya fundo haikuisha. Jioni nilishika kanga nikayapapasa mafundo yaliyobaki kama mtu anayepapasa tumbo la mbuzi mwenye mimba. Nilikuwa na furaha ya ajabu, ya kuelea. Kahawa ya majirani ilikuwa imechanua, maua meupe kila upande, harufu imejaa hadi ndani ya unga. Kijiji kizima kilikuwa kimya kwetu. Niliupenda ukimya ule. Sikujiuliza umetoka wapi.

Wiki iliyofuata hakuna bakuli lililokuja.

Nikanunua mboga gulioni. Mimi! Majani ya maboga, kitu ambacho sijawahi kukinunua tangu nizaliwe. Kisha maziwa ya Bibi ya kulainishia uji, ambayo huja kwenye kibuyu kutoka nyumba ya pili, hayakuja. Kisha uyoga ukatoka msituni, watoto wote wakapita na vikapu alfajiri, na hakuna aliyemwita Tabitha. Alisimama uani na kikapu chake akisikiliza sauti zao zikipotea kwenye ukungu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, wameniona?"

Fundo la nne nililifungua Jumatano ya wiki ya tatu. Halikufunguka kwa vidole, nikalivuta kwa meno.

Wakuu, hata hapo sikuelewa! Nilikuwa nikitafuta kosa kwenye bei ya samaki.

Nilielewa kisimani. Mama Yoramu alikuwa na wenzake wawili. Nilipofika wakanipisha, wote watatu, kama unavyompisha mgeni wa serikali.

"Pita, mama mkubwa," mmoja alisema.

"Mama Yoramu, shikamoo. Siku hizi hamtutembelei."

"Marahaba. Tutakujaje? Kwako vyombo vinang'aa mno, tunaogopa kuvichafua."

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka.

"Nilivisugua kwa heshima, mama."

"Nimeona. Lile langu ulilisugua mpaka kwa nje. Damari, kumrudishia mtu bakuli tupu ni kumwambia usilete tena. Ukiling'arisha juu yake, umeapa."

Nilirudi nyumbani maji yakinimwagikia mgongoni, nikamweleza Bibi kila kitu. Macho yake hayakuwa yameona bakuli hata moja likitoka.

"Mimi nimegombana na watu kijiji hiki miaka hamsini," alisema, "kwa mdomo mpana. Sijawahi kuwafukuza wote kwa mara moja. Wewe umeweza bila kusema neno. Una kipaji."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Ulizuia bakuli. Toa bakuli."

"Nitie nini? Hakuna kitu."

Tone likaanguka kwenye jivu. Tss.

Jumamosi ya mwisho niliamka mapema nikalishusha pakacha la chumvi. Chumvi ile ndiyo ilikuwa ushindi wangu pekee wa mwezi ule. Nilitaka itufikishe mavuno. Nikaipasua kwa mchi, nikaijaza kwenye vyombo vyetu vyote vilivyokuwa kwenye kichanja cha uani: mabakuli matano, na sahani ya bati ya Baba yenye maua. Nikaanza nyumba moja moja. Tabitha alinishika shati kwa nyuma.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona milango mpaka niiguse. Nyuso zilitokea, zikapokea, zikapotea. Nilipiga goti kila mahali na kusema maneno yale yale: "Nilikosea. Sikujua. Ni chumvi tu."

Nyumba moja walinicheka waziwazi. Nyingine mkono tu ulitoka. Mama Yoramu alichovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Ya Ivuna," alisema. "Umechelewa, mboga nimeshaitia chumvi. Nitaitumia kesho."

Akaingia ndani na sahani ya Baba.

Nilirudi mikono mitupu. Nilijua fika kwamba leo hakirudi chombo. Kukirudisha siku ile ile ni kama kumwambia mtu kitu chake kinakuchoma mikono. Na lori la kutoka Tunduma lingefika mchana, lishushe watu na kugeuza.

Nikamfungia Tabitha nguo zake kwenye kitenge. Nilikifunga na kukifungua mara nne, kwa sababu fundo halikukaa sawa. Bibi akasikia. "Wacha hilo fundo, Damari. Halina makosa."

Shangazi Rahabu akashuka kwenye lori na beseni kubwa la bluu kichwani. "Mulishani, mwe bantu!" alitusalimu kwa Kibemba tangu barabarani, kama anavyofanya siku zote ili tujue ametoka mbali. Akaketi, akaomba maji.

Sikuwa na cha kumpa. Sina maana ya maji. Sina maana ya moyo. Kwetu tunanywea mabakuli, na yote yalikuwa yametoka. Nikamletea maji kwenye kifuniko cha sufuria.

Akakitazama kile kifuniko, akatazama kichanja uani. Vijiti vyake vilikuwa wazi, maji ya ukungu yakidondoka.

"Vyombo vyenu viko wapi?"

"Kwa watu, shangazi."

"Kipi?"

"Vyote."

"Hata sahani ya kaka yangu?"

"Hata hiyo."

"Vilitoka na nini?"

"Chumvi."

Alikunywa maji polepole, yakimwagikia kidevuni, kisha akainuka akaenda hadi kwenye kichanja. Akapitisha kiganja juu ya vijiti, kimoja kimoja, kama mtu anayegusa vitanda vya watoto. Tulisikia lori likipiga honi barabarani. Tabitha alikuwa nyuma yangu, ngumi yake imejaa shati langu.

"Mama," Shangazi alimwambia Bibi, "mimi niliambiwa nyumba hii imekauka. Mbona ina vyombo sita njiani, vyote vya kurudi na kitu?"

"Muulize mwenye nyumba," Bibi alijibu, akanielekezea mimi kidevu.

Honi ikalia tena. Shangazi akafungua kitenge cha Tabitha kwa mkono mmoja. Fundo langu kamili lile, alilifungua kama si kitu. Akaweka nguo kando, akatandika kitenge mkekani, akamimina juu yake dagaa wakavu kutoka kwenye beseni, wale wanaowaita kapenta upande wao.

"Nitaondoka na lori la Jumanne," alisema. "Nataka kula mnacholetewa."

Jumapili baada ya ibada, bakuli la kwanza lilirudi na uyoga. Jumatatu yakaja mengine manne. Sahani ya Baba ilikuja ya mwisho, majani ya maboga yamefunika maua yake, na chini, nilipoyaondoa, ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa. Mama Yoramu alisimama mlangoni akinitazama nitafanyaje. Tulicheka hadi Bibi akauliza nani kaanguka.

Jumanne Shangazi aliondoka peke yake. Beseni la bluu aliliacha kwenye kichanja.

"Ukija Nakonde, uniletee," alimwambia Tabitha. "Wewe mwenyewe. Na usiniletee tupu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wakuu.

Sasa mafundo yangu yanafika, mara nyingine na kidogo cha akiba. Mambo ya maharage, kuni na kununua chumvi kwa wingi bado nayashika, yanasaidia kweli. Ila nilichojifunza ni kwamba nilikaa mlangoni siku nzima nikitazama vinavyotoka, sikugeuza uso kuona vinavyoingia. Nusu ya chakula chetu haikuwahi kupita gulioni, kwa hiyo haikuwa kwenye hesabu yangu. Nami nikaikata.

Bado naogopa. Kila nikirudisha bakuli nalifunua mara mbili njiani kuhakikisha kuna kitu. Tabitha ananicheka.

Ninyi wa Vwawa na Tunduma, mnaokaa na majirani wa kila kabila, desturi hii mnaifanyaje? Na mama mwenye watoto wengi wa kulisha kuliko mimi, fundo lako la Jumamosi unalifikishaje Ijumaa? Andikeni pembeni, hata mstari mmoja, hata kwa penseli, hata mkikosea na kufuta. Sitakasirika. Najifunza kutokasirika.

Daftari linaondoka na lori kesho. Likalisheni kwenu siku mbili tatu, kisha mnirudishie. Mnajua namna ya kulirudisha.

Damari, Isansa