Pilipili ya Limao ya Wodi ya Wanaume

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kwa sababu ya chumvi kabla sijamaliza kufunga kilemba. Ilikuwa kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi ya Makambako, ambako abiria wa Songea na wa Mbeya walishuka, wakala haraka huku jicho moja liko kwenye basi, wakaondoka. Meneja alionja mchuzi wangu wa kuku, akautema nje ya dirisha.

"Binti, abiria hana muda wa kutafuta ladha," akasema. "Tia chumvi mpaka ladha imtafute yeye."

Basi, miaka minne nilitia chumvi kwa kiganja kizima. Nawaambia haya ninyi mnaoanza upishi leo ili mjue kwamba sikuzaliwa mtakatifu wa chakula cha chukuchuku. Nilifundishwa upya ukubwani, na aliyenifundisha alinichosha kweli kweli.

Nilipata kazi katika hospitali moja ya misheni, vilimani nje ya Njombe. Jina lake silitaji. Waliofanya kazi pale wataijua. Jiko la hospitali si jiko la mgahawa. Kila kitanda kina kadi, na kadi nyekundu maana yake mgonjwa ana presha, au moyo wake umechoka, au maji yanamjaa miguuni. Huyo chumvi hapewi. Msimamizi wangu alikuwa Sista wa Lishe, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Wiki yangu ya kwanza sahani za kadi nyekundu kutoka wodi ya wanaume zilirudi jikoni kama zilivyokwenda, maharage yameganda juu.

"Hawataki kula, Sista," nikamwambia.

"Wewe ungekula?"

Nikaitazama ile sahani iliyoganda, nikatikisa kichwa.

"Basi usiwalaumu wao. Njoo nikuonyeshe."

Akanifundisha pilipili ya limao. Nitaeleza inavyotengenezwa, na safari hii naomba mnisikilize, maana nimechoka kupigiwa simu na watu walioruka hatua. Chagua limao lenye ganda nene. Lioshe kwa maji ya moto, ulikaushe, kisha likwangue kwa kikwangulio cha tundu ndogo. Unachukua unjano tu. Ukifika kwenye weupe simama, weupe ni uchungu mtupu. Tandaza unjano huo kwenye ungo ukauke mpaka ufikichike vidoleni. Kwetu Njombe, msimu wa ukungu ukitegemea jua utaokota kuvu, kwa hiyo sisi tuliweka wavu juu ya jiko la kuni, mbali na moshi, siku mbili. Pilipili manga ikaange nzima kwenye kikaango kikavu mpaka inukie, halafu itwange, isiwe unga laini. Vijiko viwili vya ganda kwa kimoja cha pilipili. Twanga pamoja mara moja ya mwisho ili mafuta ya ganda yaingie kwenye pilipili, funga kwenye chupa. Na kwenye chakula inatiwa mwishoni, sufuria ikishaepuliwa. Ukiichemsha inakuwa chungu, halafu unanipigia simu kusema nilikudanganya!

Wiki ile ile sahani zilianza kurudi tupu. Limao linafanya ulimi usahau kutafuta chumvi. Sijui daktari angelielezaje, ila mimi niliosha zile sahani.

Miaka ikapita. Sista akahamishiwa nyumba nyingine ya shirika lao, nami nikawa Mpishi Mkuu. Wakubwa walikuja na kuondoka, kila mmoja na jambo lake. Kuna Matroni aliyetaka vitunguu vikatwe vipande vinavyolingana. Kuna Mhasibu aliyeuliza kwa nini tunanunua malimao wakati maji yapo. Hao wote niliwavumilia. Aliyenishinda ni Katibu wa Hospitali, yule wa mwisho, kijana msafi, mpole wa maneno, ambaye hakuwahi kuingia jikoni zaidi ya mlangoni.

Mwaka mmoja wa uongozi wake, wodi ya wanaume alilazwa Mzee Haule, mvuvi kutoka ufukweni mwa ziwa, Ludewa. Moyo ulikuwa umemchoka, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Alikuwa anauguzwa na bintiye, Agnes, aliyelala sakafuni kwenye kibanda cha wauguzaji. Mlo wa kwanza mzee aliusukuma.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimekula samaki wa chumvi tangu sina meno. Hiki mnampa nani, ng'ombe?"

"Baba, onja kwanza huku upande wa limao."

Akaonja. Akatafuna polepole, akaniangalia kwa hasira kama mtu aliyeshindwa kesi, akamaliza sahani. Baada ya wiki tatu aliweza kuvaa viatu vyake mwenyewe. Daktari akaanza kuzungumzia kumruhusu. Nami nikachukua likizo yangu ya wiki mbili, nikaenda Kitandililo kupanda maharage.

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni rafu iliyojaa makopo ya kiwandani. Yalikuwa na picha ya limao la njano na punje nyeusi, yanapendeza kabisa. Wavu wangu ulikuwa umetupwa nje. Katibu alikuwa ameamua kwamba kukausha maganda juu ya jiko si utaalamu. Kitu cha pili nilichokiona ni Agnes, amekaa kwenye ngazi za wodi, analia.

"Mama, wamenikataza kuingia na mfuko," akasema. "Wanasema namletea baba dagaa wa chumvi kwa siri. Nimeapa, wamekataa kunisikia. Hata baba ameanza kuniuliza kama namtilia chumvi kwenye chakula."

Nikaingia wodini. Mzee Haule alikuwa amekaa wima, hawezi kulala, anavuta hewa kama aliyepandisha mlima na gunia. Viatu vilikuwa chini ya kitanda na miguu ilikuwa imerudi kuwa magogo. Nikarudi jikoni, nikafungua kopo, nikalamba kidole.

Chumvi! Nikageuza kopo nikasoma maandishi yale madogo. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini neno la chumvi nalijua, na lilikuwa la kwanza kwenye orodha, mbele ya pilipili, mbele ya hilo limao la kwenye picha.

Nikaenda ofisini kwa Katibu. Akaniamkia vizuri, akanikaribisha kiti.

"Mama Sekunda, limeandikwa limao na pilipili. Ni kile kile chako, ila kimetengenezwa kisafi."

"Katibu, geuza upande wa pili usome."

"Kila chakula cha kopo kina chumvi kidogo, mama. Haya mambo yana wataalamu wake. Yule binti ndiye tatizo, wauguzi wameshanieleza." Kisha akatabasamu. "Mama, nadhani umekasirika kwa ajili ya wavu wako."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Nilichokifanya nitawaambia, ingawa sikipendi. Nilizuia kopo kwenye sufuria niliyosimamia mimi, lakini mlo wa jioni haukuwa zamu yangu, nami nikaenda nyumbani. Nilijiambia huyu ni mkubwa wangu na nimebakiza miaka michache nistaafu. Kesho yake nikapika bila kusema neno. Jioni wenzangu wakatia kopo tena, kama walivyoagizwa.

Asubuhi ya siku iliyofuata niliona Agnes anaosha shuka la baba yake huku wanawake wengine wamemwachia bomba peke yake, kama mwizi. Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikachukua vikaango viwili. Katika kimoja nikatia vijiko vitatu vya kopo, na katika kingine vitatu vya pilipili yangu ya zamani iliyobaki kwenye chupa. Nikamimina maji ya moto, nikakoroga, nikachuja kwa kitambaa, nikachemsha vyote viwili mpaka vikauke. Changu kilibakiza utando mwembamba wa njano, kama chai iliyosahaulika. Cha kopo kilibakiza gamba jeupe, nene, linakwaruzika kwa kijiko.

Nikavibeba hivyo hivyo, bado vya moto, nikaingia navyo kwenye kikao cha asubuhi. Mganga Mfawidhi alikuwa anasoma taarifa ya usiku.

"Mama, tuna kikao," Katibu akasema.

"Najua. Daktari, lamba hapa."

Mganga Mfawidhi alinitazama juu ya miwani. Akachovya kidole kwenye kikaango cheupe, akalamba, akakunja uso. Hakulamba cha pili.

"Nani anakula hii?"

"Kadi nyekundu zote. Tangu niende likizo."

Akasimama. Hakuuliza zaidi. Akaelekea wodini na muuguzi wa zamu nyuma yake, dawa za kutoa maji zikaongezwa, makopo yakaondolewa kabla ya saa nne. Katibu alibaki anasoma kopo upande wa nyuma, kwa mara ya kwanza.

Mzee Haule alichukua mwezi mzima kurudi alipokuwa. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, ingawa hakuvua samaki tena. Makopo yakaandikwa kwenye ripoti kuwa "mabadiliko ya viungo". Na Agnes? Hakuna aliyemwomba radhi. Nilimfuata Matroni mara mbili; akasema mambo yameshapita. Kwa hiyo nikasimama mwenyewe pale bombani, saa ya kufua, nikawaambia wanawake wote kwa sauti kwamba chumvi ilitoka jikoni kwangu, si kwenye mfuko wa binti huyu. Agnes hakunishukuru. Aliinamia beseni lake, akaendelea kusugua.

Nimestaafu sasa, nipo Kitandililo na maharage yangu. Wapishi vijana hunipigia kuuliza vipimo, nami huwapa, kwa kelele kidogo. Vipimo si kazi ngumu. Kinachonirudia nikiwa nimekaa peke yangu ni ile siku moja ya katikati. Nilikuwa nimeshaonja, nimeshasoma, najua, na nikapika kimya kwa sababu mtu mwenye kiti kizuri aliniambia nina hasira. Mzee yule alivuta hewa ya shida siku nzima zaidi, na binti yake akaitwa mwongo siku nzima zaidi. Hiyo siku simdai Katibu. Ni ya kwangu.