Mashimo ya Miparachichi

Dereva huyu ana masikio mazuri tu, ila kazini hayaruhusiwi. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa gari la wizara, mkuu wa madereva alimwambia, "Bwana mdogo, humu ndani utasikia mengi. Ukishuka, umesikia injini." Aliyemtangulia alisikia zaidi ya injini, akasimulia nyumbani, na sasa anaosha magari ya watu. Dereva wetu akaufunga mdomo, na kwa miaka mingi kimya chake hakikumdhuru mtu.

Kisha wakaja wageni. Nchi yao iko ng'ambo ya bahari na mbele zaidi, na kati yao na sisi hakukuwa na ugomvi wala mapenzi. Sasa walitaka udugu: nafasi za masomo, biashara, ndege ya moja kwa moja, na ubalozi. Mazungumzo rasmi yalifanyika ukumbini, penye bendera ndogo mezani na maji ya chupa ambayo hakuna aliyeyanywa. Yale ya kweli yalifanyika kiti cha nyuma. Mkurugenzi na naibu wake waliongea kana kwamba gari linajiendesha.

"Kiwanja cha ubalozi wanakitaka kile cha barabara kuu," naibu alisema asubuhi moja.

"Pale penye bustani ya miche?"

"Ardhi ni ya manispaa. Yule mama amepangishwa tu. Tukitia saini, anapewa notisi."

Dereva akakanyaga breki bila sababu. Yule mama ni dada yake.

Dada mkubwa, tumbo moja. Wazazi walipofariki ndiye aliyemlea. Aliacha shule ili mdogo wake asome, akambeba mgongoni hadi watu wakadhani ni mwanawe. Shukrani hakuwahi kumdai. Alichodai ni kuchimbiwa mashimo ya miche tu. "Mimi nina ndugu," huwaambia wauzaji wenzake, "jembe nalishikia nini?" Basi kila Jumapili Kitinda, kama dada alivyozoea kumwita mbele za watu, na kipara chake chote, alikwenda bustanini kuchimba.

Jumapili iliyofuata alimkuta amepanga miparachichi yake bora, ile aliyoilea mwaka mzima kwenye mifuko.

"Leo tunaitia ardhini," dada alisema. "Hii siuzi. Hii ndiyo nitakayokatia vikonyo vya kupachika kwenye miche mingine ili izae kama hii, mpaka nizeeke."

Mche ulio kwenye mfuko unahama kwa mkokoteni. Ukishatiwa ardhini, mizizi ikashika, kuuhamisha ni kama kuuua. Dereva alilijua hilo, amekulia humo. Maneno mawili yangetosha: dada, usipande. Yalimfika kooni. Akaiona akilini ndoo na matambara ya yule mwenzake anayeosha magari, akaziona ada za wanawe, akayameza. Akachimba. Tena alichimba vizuri kuliko siku zote, maana dhamira ikikusuta, mikono hutafuta sifa.

Alijifariji kwamba mazungumzo yatavunjika. Kila asubuhi alitega sikio akiomba wakubwa wagombane, hata kwa jambo dogo. Mtu mzima anaomba mataifa mawili yakosane kwa ajili ya miparachichi! Wapi. Walikubaliana kila kitu, wakacheka, wakapeana zawadi. Dereva chakula kikamshinda, mkewe akadhani ni vidonda vya tumbo. Bustanini hakukanyaga tena; Jumapili zikija, anasingizia safari za kikazi.

Miezi ikapita, saini ikatiwa, notisi ikaja. Siku ya mwisho ya notisi ilipofika, wizara ikamtuma dereva akanunue mche: mawaziri wawili wangepanda mti wa urafiki, kiwanjani pale pale. Na miche mizuri mjini ilikuwa ya nani?

Alimkuta dada anang'oa miparachichi, akisaidiwa na jirani yake, muuza vyungu. Mingine ilishalazwa pembeni, majani yamenyauka.

"Wewe si ndiye unayewaendesha hao wakubwa?" muuza vyungu alimvaa. "Hukusikia chochote?"

Kabla hajajibu, dada alikwisha kumtetea. "Koma! Huyu nimemlea mimi. Angejua angeniambia. Mtu atachimbaje mashimo haya na huku anajua?" Akamgeukia akitabasamu, uso umechoka. "Afadhali umekuja, Kitinda. Jembe lile pale. Chimbua huo wa mwisho, labda tutauokoa."

Akalichukua jembe. Udongo ulikuwa bado laini, ule ule alioutifua mwenyewe. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini kulaumiwa angekuvumilia. Kutetewa ndiko kulikomshinda. Mzizi ulikatika chini ya jembe, naye akasimama.

"Dada, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Habari ya kiwanja. Niliisikia garini. Kabla hatujapanda."

Muuza vyungu akajitia kupanga vyungu vyake. Dada alimtazama mdogo wake, kisha akayatazama mashimo, moja baada ya jingine. Hakulia wala hakutukana, laiti angetukana. Alinyoosha mkono.

"Lete jembe."

Akampa. Dada akajifunga nguo kiunoni, akainama, akaanza kuchimba mwenyewe, akilishika jembe kama mtu asiyelizoea. Aliposema tena hakuinua kichwa.

"Mche wa wizara uko pale kivulini, dereva. Ubebe kwa chini, usiushike shingoni."