Ndoo Iliyolala Chumbani kwa Mama Tanuri

Mama Tanuri, mwoka mikate, hakuwa mtu wa kuamini watu ovyo. Hata paka wa jirani akipita dirishani, humtazama mpaka apotee. Basi mwanawe alipooa binti aliyesomea vijidudu chuoni, siku hiyohiyo mama aliihamisha ndoo ya chachu kutoka chumba cha kukandia hadi chumbani kwake, akaifunika blanketi, ufunguo akautia kifuani. Chachu ile aliirithi kwa mama yake. Bila chachu hana mkate, na kazi nyingine haijui.

Wiki haikuisha, mikate ikaanza kulala: migumu, mifupi, michachu ya kukunja uso. Wateja wa miaka mingi wakahamia kwa mwoka wa ng'ambo ya barabara.

Nani mwingine kama si mkamwana? Kutwa yuko na kompyuta yake, anachora mistari miwili, mmoja unapanda, mwingine unashuka.

"Humo ndani hamira na bakteria wanaishi pamoja, mama," alimweleza kwa adabu. "Hamira inaumua unga, bakteria wanatia uchachu. Upande mmoja ukizidi, mwingine unadhoofika. Naomba niipime ile ndoo."

Aipime! Thubutu. Mama Tanuri akaongeza blanketi la pili.

Asubuhi moja mkate haukuumuka kabisa. Akamwita mwanawe na mkewe, akayatoa ya moyoni mbele ya wote wawili.

"Mkeo ananiulia chachu. Mambo haya yameanza tangu aingie nyumba hii."

Mwana akainama. Mkewe akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Ndoo inalala wapi siku hizi, mama?"

"Chumbani kwangu, pale ukutani. Na nimeifungia."

Mama akautoa ufunguo kifuani, akafungua. Mkamwana akaingia, akaugusa ukuta. Upande wa pili ndipo tanuri linapowaka kutwa. Akatumbukiza kipimajoto kwenye ndoo: nyuzi thelathini na saba.

"Joto hili bakteria wanalivumilia," alisema. "Hamira hailiwezi."

Mama Tanuri alitamani ardhi ipasuke immeze. Baadaye aliibeba ndoo kwa mikono miwili ampelekee mkamwana, akamkuta anafunga begi. Kitandani palikuwa na karatasi: chota kijiko kimoja, kilishe unga na maji asubuhi na jioni, kiweke mahali pa baridi.

"Siku kumi itapona, mama. Mimi narudi kwetu."

Mwana alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mama yake, anangoja aambiwe la kufanya.