Mwamvuli wa Baba Mkwe na Kadi ya Fagio

Mtanicheka, najua, ila subirini nimalize kwanza, maana aibu hii nimekaa nayo miaka mingi na leo naitoa kwa hiari yangu. Mimi Sekela, mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya, niliwahi kujikunja chini ya meza ya duka pale Kyela mjini nikiwa nimeshika kadi za watoto mkononi, na baba mkwe wangu amekaa hatua tatu tu kutoka nilipo. (Jina lake sitalitaja. Simfichi, ila mkamwana wa Kinyakyusa halitamki jina la baba mkwe, na mimi sijawahi kulitamka.)

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, bidhaa zinamiminika kutoka kila upande, ng'ambo ya Songwe zinakuja, Dar zinakuja, na Bwana Hemedi, ambaye wazee wake walitoka Kilwa, akaleta makatoni ya chingamu dukani kwake ng'ambo ya soko. Chingamu yenyewe ilikuwa ngumu kama kisigino, haikununulika, lakini ndani ya kila pakiti mlikuwa na kadi ya mnyama, basi Bwana Hemedi akabuni mashindano, na zawadi akaitundika juu ya kaunta kila mtu aione: chupa ya chai yenye maua ya waridi, mpya, haijaguswa. Mwe, ile chupa. Watu wazima na akili zetu tulitafuna mpaka taya zikauma, na mimi ambaye nilikuwa mkamwana wa miezi minane tu nilikwisha iona chupa ile juu ya meza ya mama mkwe, na mama mkwe akiwaonyesha wageni.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Mnacheza wawili, kila mmoja ana kadi saba, mnateremsha moja moja kwa zamu, na kila mnyama ana namba yake, Panya moja, Sungura mbili, mpaka Simba nane na Tembo kumi. Kadi zikiisha, mwenye jumla kubwa mezani ndiye mshindi. Lakini ilikuwapo kadi moja adimu sana, haina mnyama wala namba, imechorwa fagio tu, na ukiteremsha Fagio unaondoa kadi ambayo mwenzako ametoka kuiteremsha, kisha na Fagio lenyewe linatoka. Mimi nikajiaminisha kwamba mwenye Fagio hashindwi kabisa. Bwana Hemedi alijaribu kunielimisha.

"Fagio lenyewe ni sifuri, mwanangu," aliniambia. "Thamani yake ni ile kadi utakayoiondoa, basi."

Nilimwona mzee wa watu anaongea hivyo kwa sababu hana.

Sasa Jumamosi ya mashindano, mama mkwe akanituma mjini. Mwamvuli wa baba mkwe ulikuwa kwa fundi, una vijiti viwili vilivyovunjika, nikauchukue na nirudi kabla ya saa sita, maana mzee alikuwa anakwenda msibani Njisi, na masika ya Kyela mnayajua, mvua haiombi ruhusa. Mwamvuli ule ulikuwa mweusi, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, na kwetu Ndandalo kila mtu aliujua. Nikauchukua kwa fundi saa tatu, salama kabisa. Kama ningegeuka nikarudi nyumbani, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Nikapita kwa Bwana Hemedi, kuchungulia tu. Nikacheza mechi moja, nikashinda. Nikacheza ya pili, nikashinda. Kufumba na kufumbua niko fainali, na mpinzani wangu ni mama Tumpe, muuza vyungu wa Lyulilo, mwanamke mtulivu anayecheza kadi kama anayechambua mchele. Nilikuwa nimemwona asubuhi ileile akimtoa Tembo kwenye pakiti, kwa hiyo nilijua ananisubiri naye. Halafu nikaona kwenye kikapu chake ana Fagio pia, ameliweka pembeni tu, halitumii. Nikamuuliza anataka nini ili anipe, akatazama mawingu, akatazama mkononi mwangu, akasema safari ya Lyulilo ni ndefu na yeye hana mwamvuli.

Nikampa. Ndiyo, nilimpa mwamvuli wa baba mkwe kwa kipande cha karatasi. (Hesabu yangu ilikuwa hivi: nitashinda chupa, nitampigia magoti mama Tumpe, nitampa kadi zangu zote na kilo za mchele juu, atanirudishia. Mpango mzuri, haukuwa na kasoro ila kwamba ulikuwa wa kijinga.)

Tukaanza. Mvua nayo ikaanza, watu wakajibana dukani kukimbia matone, wakatuzunguka. Nikacheza vizuri, nawaambieni ukweli, na Fagio nikalikumbatia. Simba wake alipita, nikamwacha, kwa sababu Fagio langu lilikuwa la Tembo na si la mtu mwingine. Zikabaki kadi mbili mbili. Namwongoza kwa tatu, mkononi nina Sungura na Fagio, zamu ni yake, na moyoni nimekwisha mimina chai.

Ndipo nikaona mtu anavuka barabara na koti lake la kanisani, jani zima la mgomba kichwani, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu. Alikuwa baba mkwe. Amechoka kunisubiri, ameufuata mwamvuli wake mwenyewe.

Kwetu mkamwana hakai mahali pamoja na baba mkwe, hamtazami, wala sauti yake mzee asiisikie. Ukikutana naye njiani unaingia shambani mpaka apite. Mle dukani shamba halikuwapo, ilikuwapo meza yenye kitambaa cha plastiki kinachofika chini, nami nikaingia chini yake na kadi zangu. Wanyakyusa wote wakaelewa. Bwana Hemedi, mtu wa pwani, akauliza huyu amepatwa na nini, hakuna aliyemjibu. Nikasikia mzee anawasalimu, anavutiwa kigoda karibu na mlango. Na mama Tumpe, kwa utulivu wake uleule, akaendelea na mchezo.

Nikasikia kadi inapigwa mezani, pa! Halafu watu wote kwa pamoja wakasema, "Hee!"

Kwa "hee" kubwa namna ile, mimi chini ya kitambaa nikajua ni Tembo, hawezi kuwa mwingine. Nikasahau mila, nikasahau mkwe, nikatoa mkono juu ya meza na Fagio langu.

"Naiondoa hiyo!"

Kadi niliyoiondoa ilikuwa Panya. Ile "hee" haikuwa ya kadi, ilikuwa kwa ajili ya mzee, ambaye wakati huohuo alikuwa ameuona mwamvuli wake umeegemea kikapu cha vyungu. Sasa amesikia na sauti yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee hakuniita, maana haruhusiwi. Akageuza kigoda, akatazama nje kwenye mvua, akaongea na Bwana Hemedi.

"Mwambie huyo aliye chini ya meza amalize mchezo wake. Mimi nimegeuka."

"Unaambiwa umalize," Bwana Hemedi akanipasia, kana kwamba sikusikia.

Mama Tumpe akamteremsha Tembo. Mimi nikatoa mkono na Sungura wangu. Hata hesabu haikuhitajika, watu walicheka mpaka wengine wakatoka kulowana kwa hiari.

Mama Tumpe alikuwa muungwana, akachukua chupa yake ya waridi na akamkabidhi mzee mwamvuli kwa mikono miwili bila kueleza lolote. Mzee akamshukuru kwa ndaga moja, akaufungua, akasimama mlangoni, mgongo kwetu.

"Mwambie jani la mgomba namwachia," alisema. "Asilowane."

Nilirudi Ndandalo na jani lile kichwani, kila niliyekutana naye ananiuliza mwamvuli uko wapi. Nyumbani nilijiandaa kufukuzwa. Mama mkwe aliniambia tu pole kwa mvua, mzee alipitia nyumbani akasema kwamba fundi ndiye aliyechelewesha. Nililia jikoni. Yule mzee aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, hakumwambia mtu, na mimi sikuweza kumshukuru kwa mdomo wangu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko vicheko vya dukani.

Kadi sijashika tena na sitashika. Na nikisikia watu wamesema "hee", siku hizi nafunua kitambaa kwanza nitazame.