Mara Kumi na Moja

Ile siku ya Dundori siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka bado napandwa na hasira. Najikasirikia mimi mwenyewe.

Sina digrii. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kompyuta hapa Nakuru mtoto akiwa mgongoni, nikapata kazi kwenye programu ya wafugaji ya kumwita daktari wa mifugo kwa simu. Mwenzangu alitengeneza kile mkulima anachoona kwenye skrini. Mimi niliandika upande wa seva, ule unaopokea ombi na kurudisha jibu. Ombi likiwa na kasoro yoyote ile, seva yangu ilijibu sentensi moja tu: "Kosa limetokea. Jaribu tena." Nikaona nimemaliza. Kwani nani husoma makosa?

Asubuhi moja nikatumwa huko Dundori, vijijini juu ya Nakuru, kuuliza wakulima wanaionaje. Nikamkuta cucu mmoja, bibi mzee, amekaa chini kando ya ng'ombe wake. Ng'ombe alikuwa amekufa akizaa, miguu ya ndama imetokeza nje. Na daktari yuko hapo kituoni, dakika chache kwa pikipiki!

"Ni wewe wa ile simu?" akaniuliza. "Iliniambia nijaribu tena. Nikajaribu."

Nikaichukua simu yake. Alikuwa ametuma mara kumi na moja. Pale pa namba ya tagi, kile kipande cha plastiki cha sikioni mwa ng'ombe, ameandika "Waridi". Nani Dundori humwita ng'ombe wake kwa namba? Nikafungua rekodi za seva. Ilijua, mwanangu! Kila mara imeandika: namba ya tagi si sahihi. Halafu ikanyamaza nayo, kwa sababu mimi ndiye niliyeiambia inyamaze.

Nikamwambia ukweli.

"Kumbe mlijua?" akasema polepole. "Mtoto wako akiugua, daktari akwambie tu 'ana shida, rudi tena', utamfanya nini?"

"Nitamzaba kofi, cucu."

"Haya basi." Akageuka, akamfunika Waridi kwa gunia.

Kwa hivyo wewe unayeandika seva leo, usiniletee mambo ya "tutarekebisha baadaye". Seva yako ikikataa ombi, irudishe jibu lenye mpangilio, ule ule kila mara: namba ya kosa ambayo programu itaitambua, sehemu iliyokosewa, na maneno ya kumwambia mtu afanye nini. "Andika namba iliyo kwenye tagi. Kama huna, acha wazi." Siri za seva zibaki ndani, sawa. Lakini usimwambie mtu ajaribu tena wakati unajua kujaribu hakutamsaidia.

Nenda uifungue kazi yako sasa hivi. Mungu akujalie kumwona mtu aliyeshika simu upande ule mwingine, na asikuache hata siku moja umnyamazie anayeita msaada.