Waliniita Tasa, Sikuondoka

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, wakati wa Mwingereza, nilipoitwa mbele ya wakwe zangu pale Handeni ili nirudishwe kwa baba yangu kule Magoma kama chungu kinachovuja.

Nilikuwa nimekaa na mume wangu Sefu mavuno kadhaa, na sijazaa. Mama mkwe hakukosa sababu. Mara nilikula mayai nikiwa msichana, mara nimefungwa kizazi na mtu mwenye kijicho, mara nainuka kitandani upesi mno nikishalala na mume. Mganga wake alinipa mizizi michungu, nikaharisha hata nikashindwa kuinua mtungi wa maji. Niliinywa, mwanangu, kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa.

Siku hiyo baba yangu alikuwapo, kofia yake ameishika mkononi. Baba mkwe akamwambia, "Mzee mwenzangu, shamba halioti. Mwanangu ni mwanamume kamili. Anabeba magunia, na chumbani hana kasoro. Tumtafutie mwingine."

Zama zile mke wa mwana hakuwa na neno mbele ya wazee. Lakini nilimwona baba yangu akiinama kama mtu aliyeuza mbuzi mgonjwa, na moyo wangu ukakataa.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema. "Mimi siondoki. Dawa nimekunywa peke yangu, Sefu hajaonja hata tone. Nyinyi ni wakulima. Punje iliyobunguliwa, ukiitazama kwa mbali, hufanana na nzima. Ukiipanda isiote, utalaumu udongo? Nguvu za kubeba gunia si mbegu."

Mama mkwe akajiziba mdomo kwa kanga. Baba mkwe akasema mwanamke mwenye adabu hatamki mambo kama hayo.

"Adabu ninayo, baba," nikamjibu. "Nilichokataa ni kubebeshwa nisichokijua."

Wote wakamgeukia Sefu, wakingoja anipige au anipe talaka. Akasema, "Tutakwenda hospitali Korogwe. Mimi na yeye."

Tulipanda lori la mizigo, tumekaa juu ya magunia, kila mmoja na hofu yake. Daktari akatupima sote. Kwangu hakuona kasoro. Akamwuliza Sefu kama aliwahi kuugua matubwitubwi ukubwani. Sefu akasema ndiyo, zamani za ujana wake akikata mkonge, alivimba mashavu, kisha akavimba korodani. Daktari akatueleza kwamba maradhi yale huweza kuharibu mbegu za mwanamume bila kugusa nguvu zake, na kwamba zake zilizosalia zilikuwa chache mno.

Tukapanda lori kurudi. Neno langu lilikuwa limesimama, lakini mume wangu ameumia, na ushindi wa namna hiyo hauna ladha. Tuliposhuka pale Handeni akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulifanya, akanipeleka moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba," akasema, "kasoro ni yangu. Mke wangu asiguswe tena kwa jambo hili."

Mzee akainuka, akaingia ndani. Alikaa muda mrefu bila kukanyaga kwetu.

Hatukujaliwa mtoto, mwanangu, sitakudanganya. Tulilima, tukacheka, tukagombana, tukazeeka pamoja hadi nilipomzika. Wako waliosema nimemroga mwana wa watu. Niliwaacha. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tena miaka ya baadaye, mke wa shemeji yangu alipochelewa kushika mimba na minong'ono ikaanza, aliyewanyamazisha watu ni mama mkwe mwenyewe. "Waende wote wawili," alisema. Wakaenda. Safari hiyo maradhi yakaonekana kwa mke, akatibiwa, akazaa.

Basi lishike hili. Mtoto hutafutwa na watu wawili, na kinachomzuia huweza kuwa kwa mume, kwa mke, kwa wote, au kisionekane hata kwa daktari. Mayai hayafungi kizazi, wala kuinuka kitandani upesi hakumwagi mimba. Hata aliyekwisha kuzaa huweza kukwama baadaye, wala si laana. Mkitafuta mwaka mzima bila kupata, nendeni hospitali pamoja, na kama umri wa mke umesogea msingoje mwaka uishe. Usinywe mzizi usioujua kwa sababu tu umeletwa na mtu unayemheshimu. Heshima ni yake, tumbo ni lako. Na wakikuita tasa, inua uso, uwatazame. Mtu hakuumbwa apimwe kwa tumbo peke yake.

Mwenyezi Mungu akupe mtoto ukimtaka, amkuze akuzike. Na asipokupa, akujalie nyumba yenye amani, mwenzi mkweli, na ulimi usioogopa. Amina, mwanangu.