Mpiga Pasi wa Bendi ya Kutu

Sogeeni, na mwenye huruma nyingi aifunge kwenye pindo la nguo yake, maana hapa haitapata kazi.

Katika duka moja la dobi alikuwapo mpiga pasi aliyeitwa Mvuke. Alisimama ndani ya joto la pasi miaka na miaka mpaka nywele zikaiva zikadondoka, kikabaki kichwa kinachong'aa kama sufuria isiyowahi kupikiwa. Kazi yake aliijua. Mstari aliotia kwenye suruali ulikuwa mkali kiasi kwamba nzi akitua juu yake aliondoka vipande viwili, kila kipande na bawa lake. Lakini nani humshukuru mpiga pasi? Nguo ikinyooka, husifiwa nguo. Ikiungua, ndipo watu huuliza nani alikuwa zamuni. Mvuke alizeeka hivyo, jina lake akilisikia pale tu kola ilipopata doa.

Basi alasiri moja mvua ilimkimbiza akajibanza kwenye ghala la matairi mabovu. Humo walikuwamo vijana wanne, wembamba kama misumari, wakipiga roki. Bendi yao iliitwa Kutu. Hawakuwa na kampuni ya muziki wala meneja. Nyimbo walizirekodi wenyewe chumbani, wakaziuza wenyewe ndani ya bahasha za kaki, na walijigamba kwamba wao hawanunuliki. Kweli, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza bei. Magitaa yalipolia, paka wa ghala aliyekuwa na mimba alizaa papo hapo, na watoto wakatoka wameziba masikio. Mtazamaji hakuwapo hata mmoja, isipokuwa Mvuke na maji yanayomchuruzika. Wimbo ulipokwisha akapiga makofi. Mwimbaji, kijana ambaye nywele zilimfunika macho, akainamia kipaza sauti akasema, "Asante, mzee wa mbele."

Mvuke akageuka nyuma kuona ni nani anayeshukuriwa. Nyuma palikuwa na matairi.

Tangu hapo kwisha habari yake. Kutu wakipiga, hata ikiwa ni uani kwa fundi wa majokofu, Mvuke yuko mbele, tumbo linagusa jukwaa, kichwa kinakwenda juu na chini, mkono wa kulia unasukuma hewa kama unanyoosha shuka, maana mkono ule haukujua mwendo mwingine duniani. Jasho likimshuka, anafuta shingo kwa leso, anaendelea. Nyimbo zote alizijua. Makosa ya mpiga dramu aliyajua pia, na hayo ndiyo aliyapenda zaidi. Mpenda chongo huita kengeza. Bahasha mpya ikitoka aliinunua kabla gundi haijakauka, akaibusu, akailalia chini ya mto.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "wale vijana wana baba zao."

"Wale wananijua."

"Na mimi sikujui?"

"Wewe unanijua kwa sababu tunalala kitanda kimoja. Wale hawalazimiki."

Mke akafikiri kidogo, akasema hata yeye halazimiki, na usiku ule Mvuke alilala kwenye kochi.

Kutu wakaanza kupata watu. Walianza wachache, kisha ghala likajaa, kisha likawa halitoshi. Hapo ndipo Mvuke alipotaka kuwatendea wema, na wema ukawa msumeno. "Niachieni nguo zenu za jukwaani," aliwaambia. "Nitazishughulikia mwenyewe, iwe zawadi yangu." Wakampa. Zilikuwa suruali za jinzi zilizochanika magotini na mapajani, na kila mtazamaji alijua kwamba roki ya kutojali inataka matundu. Mvuke hakujua. Alipoyaona roho ilimuuma. Wanangu hawa, alisema moyoni, wanatembea magoti nje na hawana wa kuwaambia. Akakaa na sindano akayaziba yote, asiache hata moja. Akatia wanga, akapiga pasi, akatia mstari. Suruali zikasimama zenyewe sakafuni zikisubiri amri.

Aliwafikishia nguo wakati watu wamekwisha jaa na hakuna muda wa kutafuta nyingine. Wakapanda jukwaani wamenyooka kama makarani wa benki. Goti la mpiga gitaa halikukunjika. Mpiga dramu alipokaa, suruali ilitoa mlio uliosikika kuliko dramu. Na mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Samahani, dirisha la kuweka akiba ni lipi?" Watu walicheka mpaka wakasahau kudai muziki.

Kutu hawakumgombeza. Walimtungia wimbo.

*Mzee wa mbele, nywele zimehama,*
*kichwa kimebaki kulinda nyumba.*
*Mfungie mlango, ataingia na upepo,*
*mfungie dirisha, atapita kwa bomba.*

Mvuke alipousikia mara ya kwanza, pale mbele, alilia machozi ya kujaza ndoo. Alirudi nyumbani akamwimbia mkewe wote, pamoja na sehemu za gitaa.

"Wanakucheka," mke alisema.

"Mtu hatungiwi wimbo na asiyempenda."

"Hata kunguni hutengenezewa dawa yake mwenyewe, baba watoto. Mapenzi hayo?"

Wimbo ukaenea kama upele. Ukawa kwenye simu za watu, kwa kinyozi, kwa fundi viatu. Kasuku wa jirani akaacha kusalimia akawa anauimba. Kila onyesho lilimalizika kwa wimbo ule, ukumbi mzima ukitikisa vichwa na kusukuma mkono hewani, na Mvuke akivutwa jukwaani kusimama kando ya mwimbaji. Naye kila alipopanda alilia. Aliwatazama wote wakifanya mwendo wake, akaona mkono wake umezaa mikono. Sasa Kutu walikuwa wanakwenda ziara ya miji mikubwa kwa nguvu ya wimbo huo, na alichokitaka Mvuke kilikuwa kidogo tu: kila mji watakaofika, awe mbele, kama ilivyokuwa tangu enzi za matairi. Akafunga begi.

Mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa fundi rangi ambaye kuta zilimkimbia. Siku moja ya mapumziko Mvuke alirudi mchana akasikia kicheko tangu mlangoni. Ndani alimkuta mkwe katikati ya sebule, amevaa nusu ya mpira kichwani na mto wa kochi ndani ya shati, anatikisa, anasukuma, anafuta shingo. Kisha akachukua bahasha, akafumba macho, akaibusu taratibu, akailaza chini ya shavu. Mke wa Mvuke alikuwa ameanguka kwenye zulia kwa kucheka. Binti, mjamzito wa miezi ya mwisho, ameshika tumbo kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika simu unarekodi.

"Acha, utanizalisha," alikuwa anasema.

Mkwe akamwona. "Shikamoo, baba," akasema, mto ungali tumboni.

"Marahaba. Mimi sifanyi hivyo."

"Unafanya," mke alisema kutoka chini.

"Unafanya, baba," binti alisema.

Mvuke akala chakula chake. Nusu mpira ikawa mezani, karibu na chumvi.

Picha ile ya simu haikukaa nyumbani. Ilitembea kwa watu mpaka ikawafikia Kutu, na haukupita muda mwimbaji akaingia katika duka la dobi, viatu vipya, nywele zimekatwa, macho yanaonekana. Mvuke alikuwa na shati la mteja mezani.

"Mzee wangu, habari za kazi?"

"Begi nimeshafunga," Mvuke alisema.

"Begi la nini?"

"La ziara."

Kijana akajikuna shavu. "Ndiyo nimekuja kwa hilo. Mzee, wewe ukipanda jukwaani unalia."

"Nalia kwa furaha."

"Watu hawajui hilo. Wakiona mtu mzima analia wanapoa, wanaanza kufikiria baba zao. Sisi tunataka wacheke."

"Basi nitacheka."

"Ulijaribu juzi. Ilikuwa mbaya zaidi. Tumempata mtu mwingine wa kuwa mzee wa mbele. Mkweo."

Mvuke akainua pasi kutoka kwenye shati, maana moyo ukiungua hakuna mteja atakayekuja kuudai. "Na mimi nitasimama wapi?"

"Popote. Ila si mbele. Watu wakiona wawili hawatajua wamcheke yupi."

"Kwa hiyo wimbo ule ni wa kunicheka."

"Mzee, ulituzibia matundu. Tuliyakata wenyewe kwa wembe."

"Mngeniambia."

"Tulikuambia," kijana alisema, bila ubaya wowote. "Tulikutungia wimbo." Akaagiza suruali yake ya kitambaa iwe tayari mapema, akaenda zake.

Onyesho la kwanza la ziara lilikuwa la alasiri, katika ukumbi mkubwa kiasi kwamba waliokaa nyuma walisikia wimbo baada ya waliokaa mbele kwisha kuusahau. Mke wa Mvuke alimuuliza anakwenda kufanya nini. Alisema anakwenda kusikiliza. Akasimama nyuma kabisa, kando ya mlango wa choo, kwenye nguzo.

Mkwe akatoka na tumbo la mto. Kicheko kilinyanyua mabati ya paa, kikayarudisha mahali si pake. Alipofika kwenye ile ya kubusu bahasha, maelfu ya watu walitoa bahasha walizokuja nazo wakazibusu. Mvuke alitafuta hasira ndani yake, akaitafuta kweli, lakini gitaa lilikuwa limekwisha anza na kichwa chake kilikuwa kimekwisha kwenda. Mkono nao ukafuata.

Kando yake alikuwapo binti mmoja aliyevaa kofia ya mpira ya upara. Alimtazama muda, akamwonea huruma.

"Mzee, si hivyo."

"Sivyo?"

"Unachanganya. Kichwa kwanza, halafu ndiyo mkono. Mtazame yule kule jukwaani. Yule ndiye mwenyewe."

Mvuke akasimama kwa vidole, ameshika nguzo, akamwona mkwe juu ya vichwa vya watu. Mkono wa kijana ulikuwa unarudi nyuma kabla haujafika mbele. Pasi haiendi hivyo. Ingekuwa nguo ingekuwa imeungua. Alifungua kinywa amwambie binti, akaona uso wake jinsi ulivyokuwa na hamu ya kumsaidia, akakifunga.

Binti akamshika mkono wa kulia. "Twende polepole. Kichwa."

Mvuke akashusha kichwa.

"Subiri. Subiri. Haya, mkono."

Akausukuma, akaurudisha kabla haujafika.

"Umeona," binti alisema. "Unaanza kuipata."